Barazani: Wapigao Picha za Sinema kwa Kazi ya Kanisa



Mwezi uliopita nalisema hapa barazani juu ya mipaka ya mashamba ya mikorosho, nikaahidi kwamba mwezi huu nitayamaliza maneno yale. Niwieni radhi. Jambo jingine limeingia nyumbani mwangu, nalo limenikalia moyoni hata kalamu ikakataa kuandika habari za mikorosho. Ni jambo la kamera.

Walio wengi wenu mlioko Nachingwea na Ruangwa mnamjua kijana yule aendaye kwa pikipiki na mfuko mweusi mgongoni. Hapana kipaimara, wala harusi, wala jubilei ya watawa ambayo hakuonekana amesimama karibu na altare, jicho moja limefumba na jingine li katika chombo chake. Watu humwita fundi video. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nanyi mlio Wamwera mwajua maana ya neno hilo: akifanya vema husifiwa yeye, akikosa huitwa mimi. Kamera yake ya kwanza aliinunua kwa fedha za korosho za mama yake, nami siku ile nalinung'unika sana, nikasema ya kuwa mtu mwenye akili angalinunua mabati.

Safari hii nimeitwa. Lakini nitalisema jambo lenyewe kwa mahali pake. Kwanza nataka mfahamu kazi hii ni kazi gani, maana wako wadhanio kwamba ni mchezo wa vijana ulioletwa juzi na simu.

Si ya juzi. Mwaka wa 1935, katika nchi hii hii ilipoitwa Tanganyika, walikuja watu waliotumwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, wakapiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara. Aliyeanzisha shauri lile alikuwa Mmarekani, Bwana J. Merle Davis. Yeye alikuwa amekwenda kuyachungua maisha ya watu wa migodi ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akaandika kitabu mwaka wa 1933. Aliona ya kwamba mambo mapya yanawajia Waafrika mbio kuliko shule ziwezavyo kuwaeleza, akafikiri kwamba picha ziendazo zaweza kusaidia. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Mwenye kazi ya kamera alikuwa Major L. A. Notcutt, ambaye zamani alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na mwenye kazi ya mafundisho alikuwa Bwana G. C. Latham. Hata ilipokwisha kazi yao, mwaka wa 1937, walikuwa wametengeneza sinema 35. Ziko zilizosema juu ya safura, na malaria ya watoto wachanga, na akiba ya posta, na udongo unaochukuliwa na mvua. Iko moja ya hadithi ya sungura na chui. Wakazichukua kwa lori, na mashine ya umeme, na kitambaa cheupe, wakazunguka nchi za Afrika ya Mashariki mpaka Nyasa.

Ufundi wao ulikuwa hivi. Mkanda wa picha ulikuwa mwembamba, milimita 16, nao haukuwa na sauti ndani yake. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, na sahani ikazungushwa pamoja na mkanda. Ilikuwa na faida moja kubwa: ukitaka watu wa kabila jingine waelewe, huna haja ya kubadili picha, wabadili sahani tu. Na hasara yake yaonekana upesi. Mkanda ukikatika ukaungwa, picha hutangulia na sauti ikachelewa, na mtu aliyekwisha kufunga mlango husikiwa bado akibisha hodi.

Nasema wazi maoni yangu juu ya watu wale wa Vugiri. Nawasifu kwa kuthubutu. Walakini waliochagua neno la kusemwa walikuwa wageni, na Mwafrika katika sinema zile alikuwa ama mtu wa kuonyeshwa ama mtu wa kufundishwa. Ilichukua miaka mingi hata mtoto wa nchi akaishika kamera mwenyewe. Katika Kongo, miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza huko Kasai sinema za kuchekesha za watu wawili, Matamata na Pilipili, na watu wakazipenda kupita kiasi. Huko Bukavu nako Mapadre Weupe walikuwa na kazi yao ya filamu. Hapa kwetu, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950, Rashidi Kawawa aliigiza katika sinema iliyoitwa Muhogo Mchungu, naye mwaka wa 1962 akawa Waziri Mkuu. Hilo nalitaja kwa ajili ya wazazi wasemao kwamba mtoto aingiaye katika picha amepotea.

Mji wetu wa Nachingwea nao umepata kupigwa sinema. Wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao hapa, alikuja Myugoslavia mmoja, Dragutin Popović, akawapiga picha, na filamu yake moja, ya mwaka wa 1975, aliipa jina la Nachingwea. Mimi sikuiona. Lakini nafikiri mara nyingi juu ya hiyo filamu, kwa sababu wazee waliojenga reli ya kutoka Mtwara kuja huku, wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza (1947 mpaka 1951), wamekufa karibu wote, na hapana aliyewapiga picha wakisema. Reli ilikwisha kung'olewa, limebaki jina tu, kata yaitwa Stesheni. Mgeni alikuja na kamera kwa ajili ya vita. Kwa ajili ya mzee aliyebeba mataruma hakuja mtu.

Kanisa nalo halikunyamaza. Papa Pio wa Kumi na Moja aliandika barua juu ya sinema mwaka wa 1936, wakati ule ule wa kazi ya Vugiri. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari mwaka wa 1963, ndio mwaka Jimbo la Nachingwea lilipozaliwa, ambalo tangu 1986 laitwa Jimbo la Lindi. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema ya kuwa mpwa wangu anafanya jambo lisilo na ruhusa.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Mimi nalidhani ni kubonyeza. Nalikwenda naye siku tatu, mwaka juzi, nikarudi nimenyamaza. Siku ya kwanza alipiga video ya kwaya. Wimbo ulikuwa umekwisha kurekodiwa katika chumba cha watu huko Masasi, ukuta wote umezibwa kwa magodoro ili mwangwi usiingie. Siku ya picha waimbaji hufungua vinywa tu, na wimbo hutoka katika spika, nao hutakiwa waonekane kama ndipo wanapouimba. Mara kumi na moja waliurudia ubeti mmoja kwa sababu ya mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akitangulia. (Sijui kwa nini kila kwaya ikipata fedha hutaka kuimba mbele ya maua ya hoteli. Tunayo majabali, tunayo mito, tuna mikorosho ichanuayo.)

Siku ya pili ilikuwa harusi, nayo naiacha, mmeziona.

Siku ya tatu ilikuwa ya kutia maneno ya Kimwera katika filamu fupi ya mafundisho. Hapo ndipo nalistaajabu. Msemaji husikiliza neno kwa Kiswahili, hutazama midomo ya mtu aliye katika picha, kisha hutafuta neno la Kimwera lenye maana ile ile, la urefu ule ule, na kama yawezekana lifumbe midomo pale pale. Mzee mmoja wa Mnacho ndiye aliyetusaidia. Yeye hakujua kusoma vizuri, lakini alijua lugha kama mtu ajuavyo njia ya kisimani kwake. Iko filamu moja juu ya maisha ya Yesu, iliyotengenezwa mwaka wa 1979 kwa kuifuata Injili ya Luka, ambayo imekwisha kutiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000. Nalipoisikia hesabu hiyo zamani naliiona ni hesabu tu. Baada ya kumwona mzee yule akitoka jasho mchana kutwa kwa dakika nne za maneno, naliifahamu.

Tena yako mambo ya mahali petu. Mwezi wa sita mpaka wa nane watu hupuliza salfa katika mikorosho, na vumbi lile la njano huingia katika kioo cha kamera hata katika mifuko iliyofungwa. Umeme ukikatika katikati ya kuhariri, kazi ya usiku mzima hupotea asipoiweka akiba. Na sauti! Mpwa wangu husema kwamba picha mbaya watu huivumilia, sauti mbaya hawaivumilii. Kwa sababu hiyo fedha yake ya kwanza baada ya kamera haikununua nguo wala kitanda, ilinunua maikrofoni.

Juu ya ujira nitasema neno moja, wanikasirikie watakaonikasirikia. Ziko parokia na vigango vinavyomwita kijana huyu kuanzia alfajiri mpaka usiku, na mwisho humpa soda na kumwambia kwamba ni kazi ya Mungu. Fundi aliyepaua kanisa lile lile alilipwa. Mwenye gari aliyeleta simenti alilipwa. Kwani Injili ilimnyima nani ujira wake?

Liko jambo jingine ambalo alinieleza kwa haya. Wageni fulani, ambao sitawataja, walimwajiri siku mbili atengeneze picha za kupeleka kwa wafadhili wao. Katika kijiji kimoja palikuwa na mzee aliyeongoka, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amezichoma hirizi zake kwa hiari yake mwenyewe, jioni, nyuma ya nyumba, bila watu. Wageni wakataka azichome tena ili ionekane. Mzee akasema hana tena, zimekwisha. Basi wakatafuta vipande vya ngozi na nguo nyeusi, vikafungwa kwa uzi, vikatiwa motoni. Moto ukawa hafifu, wakaomba arudie. Mzee alirudia. Walipokwisha akamwuliza mpwa wangu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ule wa kwanza haukushika?" Kijana alipewa ujira wake wote, naye akaniambia kwamba fedha ile aliila upesi kama mtu anayeficha kitu.

Huko Nairobi liko shirika la Kikatoliki la video lililoanzishwa na padre mmoja wa Maryknoll, Richard Quinn, nalo aliliita Ukweli Video. Tangu siku ile ya moto hafifu, mpwa wangu hulitaja jina hilo mara nyingi. Na wageni wengine walipokuja kumwomba awaonyeshe jando kwa ndani, alikataa bila kuniuliza. Wazee wetu wa Masasi walihangaika sana, wakati wa Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana (aliyekuwa askofu huko tangu 1926 mpaka 1944), kulifanya jando liwe la Kikristo pasipo kuliua. Hawakuhangaika vile ili lije litazamwe na mtu alalaye kitandani na simu yake.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Nasema langu, kwa maana kosa halikuwa la kijana.

Pasaka iliyopita walibatizwa katika parokia yetu wakatekumeni kadhaa, na mmoja wao alikuwa binti afanyaye kazi katika duka la dawa pale mjini. Ni mzaliwa wa kijiji kimoja cha Ruangwa, mtoto wa nyumba ya Kiislamu, nyumba ya watu waungwana. Alifundishwa miaka miwili, hakukosa hata siku moja ya mafundisho isipokuwa kwa homa. Hakumwambia mama yake. Alikuwa amenena na padre ya kwamba baada ya Pasaka ataomba ruhusa kazini, ataondoka na doti ya kanga, atakwenda kuketi na mama yake siku mbili, na usiku wa pili atamwambia. Mimi naliyajua hayo, maana ni mimi niliyemfundisha.

Mkesha wa Pasaka ni taabu kwa mpiga picha. Kanisa lazima liwe giza, kisha moto, kisha mshumaa mmoja, kisha mishumaa mingi. Kamera haipendi giza. Mwaka wa kwanza mpwa wangu aliwasha taa yake kubwa, na padre akamtazama kwa namna ambayo hakuisahau. Mwaka huu hakuwasha kitu. Alikaa chini karibu na kisima cha ubatizo, akangoja nuru ya mishumaa iwafikie watu wenyewe, na ndipo alipopiga. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati. Yule binti alipoinua uso, maji yakimtiririka, alicheka. Si kicheko cha mchezo. Ni kile cha mtu aliyetua mzigo. Nami ni mzee, nimeona ubatizo mwingi, lakini nalipoitazama picha ile Jumatatu ya Pasaka naliona haya kwa machozi yangu.

Nikamwambia kijana, "Iweke, watu waione."

Akasema, "Mjomba, tuwaulize kwanza wenyewe?"

Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Ubatizo si jambo la siri. Umefanyika mbele ya kanisa zima. Waulizwe nini?"

Naye ni mpwa wangu, akanyamaza, akaiweka. Siku ya Alhamisi ilikuwa imekwisha kufika Ruangwa. Kijana mmoja achajiye simu za watu karibu na soko la kijiji akamwita mama yake yule binti, akamwambia, "Mama, njoo umtazame mwanao." Hakuwa na nia mbaya, nafikiri alidhani ni harusi.

Mama hakupiga kelele. Alirudi nyumbani akafunga mlango. Baada ya siku mbili akatuma neno kwa mpita njia: "Mwambieni nimemwona. Nimemwona kwa simu ya watu."

Binti alikuja kwangu jioni. Hakunilaumu kwa sauti. Aliketi kibarazani, akachora chini kwa kijiti muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sionei haya ubatizo wangu. Lakini neno lile lilikuwa langu kulipeleka." Sikuwa na jibu. Miaka arobaini nimefundisha watu juu ya kumheshimu baba na mama, na katika siku moja nimemwibia mtoto wa watu nafasi ya kufanya hivyo.

Kijana aliifuta video usiku ule ule. Lakini kitu kilichokwisha kuingia katika simu za watu ni kama mtama uliomwagika barabarani. Wafagia ulio mbele yako, na kuku wamekwisha kuondoka na mwingine. Baadaye padre alitueleza kwamba hata sheria ya nchi ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo yahesabu imani ya mtu miongoni mwa habari nyeti zake, zisizotolewa ovyo. Nalisikiliza nikajiona mjinga mara mbili. Lakini siku ile si sheria iliyonisumbua.

Katika parokia tumeweka mpango, nami nautaja ili wengine wauige kama wapenda. Kabla ya sherehe katekista humwuliza kila mmoja peke yake, si mbele ya wenzake, kama akubali kupigwa picha, na kama akubali picha itoke nje ya parokia. Hayo ni maswali mawili, si moja. Asiyetaka huketi upande wa kushoto, na kamera haielekezwi kushoto. Hapana aulizwaye sababu. Na picha yoyote ya Mkristo mpya hukaa siku arobaini kabla ya kutoka, hata kama amekubali, maana mtu aweza kukubali kwa furaha ya siku ile. Kijana ndiye aliyeleta shauri la siku arobaini.

Lakini mpango haurudishi kilichopotea, kwa hiyo ilitupasa kwenda. Hatukwenda moja kwa moja kwa mama; hiyo si adabu ya huku. Tulipeleka neno kwa mjomba wa yule binti, naye akakaa wiki tatu bila kujibu, kisha akatuma kusema tuje Jumamosi. Tulikwenda watu watatu: mimi, mpwa wangu, na binti mwenyewe. Nalimwambia kijana aache kamera nyumbani, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Alikuwa amekwisha kuiacha.

Tulipiga hodi, tukatoa salamu, tukapewa mkeka. Mjomba yule ni mtu mzima, mrefu, wa maneno machache. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu aliyeweka picha ni mtoto wako?" Nikajibu, "Ni mpwa wangu, na aliyemwambia aweke ni mimi. Yeye alitaka kuuliza, nikamzuia." Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alikuwa ametazamia nimsukumie kijana, na mimi nakiri mbele yenu kwamba njiani, juu ya pikipiki, naliwaza kufanya hivyo.

Mama alitoka ndani. Binti akapiga magoti, "Shikamoo, mama," na mama akakawia kuitikia hata nikaogopa. Kisha akaitikia. Akaketi, akaanza kunena, si kwetu bali kwa mwanawe, nasi tukawa kama hatupo.

"Sikukufukuza," akasema. "Mtoto hafukuzwi kwa sababu ya sala. Unasali, ni heri kuliko wasiosali. Ila mimi nilitaka uniambie mwenyewe, nilie ukiwa mbele yangu, nikuone nawe ukiniona. Sasa nimelia mbele ya simu ya mtoto wa watu."

Hapo walilia wote wawili. Sisi wanaume tukatazama ua.

Sitawaambia kwamba mambo yote yametengenea. Kaka mkubwa wa binti alikuwako, hakuja mkekani, naye mpaka leo hasemi naye. Mama mwenyewe amesema hatakuja kanisani siku yoyote, wala asiombwe. Lakini tulipewa chakula, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga, nasi tukala sahani moja na mjomba. Doti ya kanga ilipokewa.

Tulipokuwa tukiaga, mama akamgeukia mpwa wangu kwa mara ya kwanza. Akamwuliza, "Wewe ndiwe uliyekuja kupiga picha mkutano wa chama cha msingi, ghalani, mwaka wa 2019?"

Kijana akasema, "Ndiye mimi, mama."

"Mume wangu alisimama siku ile akasema juu ya mizani. Alisema sana, watu wakampigia makofi. Unayo bado sauti yake?"

Mume wake alifariki mwaka wa 2021. Katika nyumba ile hapana picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho. Kijana akasema hajui, ila atatafuta.

Tangu siku ile, kila usiku akimaliza kazi za watu, huziunga diski zake za zamani katika kompyuta na kuzipitia moja baada ya moja. Nyingine hazina jina juu yake, na moja imeanza kukwaruza. Nami huketi naye, maana namjua marehemu kwa sura. Tumeona mikutano mingi, na maharusi ambao wamekwisha kuachana, na watoto ambao sasa wana ndevu. Mpaka ninapoandika haya tumepitia diski tatu. Zimebaki mbili.